Mama Ilona, Mstari Hatukuuvuka

Mwaka umezunguka, Mama, tangu asubuhi ile ya Machi ulipofumba macho nyumbani kwako, kahawa yako ikiwa bado ya moto na Baba akikusomea gazeti kwa sauti kwa sababu miwani yako ulikuwa umeikalia tena.

Watu wanamjua Profesa Ilona Dzurik kwa vitabu vyake juu ya migomo ya viwanda vya chuma na wanawake waliowapikia wagomaji. Sisi tunakujua kwa unga. Kila Kwaresima ulishuka ghorofa ya chini ya kanisa kukunja pirogi, vile vifuko vya unga vya kuchemsha vilivyojazwa viazi, pamoja na akina mama, na kumbe huko ndiko ulikofanyia kazi. Wanafunzi wako walikuja kuwahoji akina mama hao, maswali yamepangwa, kinasa sauti kimeshawashwa, nawe ukawavisha aproni. "Kunja kwanza," uliwaambia. "Mtu humwulizi habari za mgomo ukiwa umekaa mikono mitupu." Mikono ikishaingia kwenye unga, midomo ilifunguka yenyewe. Mama mdogo Bernadeta anadai nusu ya madaktari wa historia wa Pittsburgh waliivia kwenye sufuria lake, na yeye hajapewa hata cheti.

Nyumbani ulituongezea amri moja juu ya zile za padri: penye mstari wa wagomaji, waliosimama mlangoni na mabango yao, hapapitwi. Binti yako Teodora anaikumbuka keki ya kipaimara chake. Waoka keki waligoma siku ile ile, keki imeshalipiwa, jina lake limeandikwa juu kwa sukari ya waridi, na tukaishia kula mkate na siagi. "Keki utaisahau," ulimwambia. Hakuisahau, Mama. Ila leo ana watoto wake, na amri ni ile ile.

Tunataka tukueleze habari za siku tuliyokuzika, maana zimemkaa Baba rohoni mwaka mzima. Chuo kilikuandalia ukumbi mkubwa, ule uliokuwa ukiuita ukumbi wa wenye tai shingoni. Wageni walitoka mbali. Tulipofika langoni, gari la maiti nyuma yetu, tukakuta wafanya usafi wa chuo wameweka mafagio chini alfajiri ile na kusimama na mabango yao kwenye mvua ya theluji.

Kiongozi wao, Bi Ramona Tiggs, alikuja hadi dirishani kwa Baba.

"Mzee Stefan, pole sana. Profesa alikuwa wetu. Tumekubaliana, ninyi na jeneza tutawapisha. Piteni tu, hakuna atakayewasema."

Teodora akamshika Baba bega. "Wenyewe wametoa ruhusa, Baba. Mama amefundisha hapa maisha yake yote, hajawahi kupewa ukumbi ule. Leo tu."

Baba alikaa mikono kwenye usukani, machozi yanamtoka na hayafuti.

"Ruhusa nimeisikia, mwanangu, na ninashukuru. Lakini huyu aliye nyuma yetu nimeishi naye. Nikimpitisha hapa atainuka humo ndani, ashuke, aende kwa miguu."

Bi Ramona alicheka huku analia. "Hapo umesema, mzee. Basi mshusheni, tumuage hapa hapa."

Ukashushwa kando ya barabara. Wagomaji waliweka mabango chini wakashika miavuli juu yako. Akina mama wa kanisani walifungua masufuria ya pirogi yaliyokuwa ya chakula cha mchana, na wageni wako wakatoka ukumbini mmoja mmoja, makoti mabegani, kuja kusimama nasi. Mwanafunzi wako wa kwanza, ambaye sasa ni profesa mwenye mvi, alianza kusoma hotuba yake, wino ukachuruzika wote. Akaikunja, akasimulia jinsi ulivyomfunga aproni. Hatukuwahi kusikia hotuba nzuri kuliko ile.

Hata hivyo, Baba hupita njia ya mbali kulikwepa lango lile. Tumemwambia mara ngapi kwamba wewe mwenyewe ungetugombeza kama tungepita. "Najua," hujibu. "Lakini mke wangu alistahili viti. Nimemuaga barabarani kama mtu asiye na kwake."

Tunawashukuru nyote mliosimama nasi kwenye baridi ile. Akina mama wa pirogi, Mungu awazidishie. Wafanya usafi, mlitupa njia nasi hatukuitumia, lakini wema wenu tuliupokea.

Wale wafanya usafi walipata mkataba wao kabla ya Pasaka, Mama. Tulijua ungependa kusikia hilo kwanza. Na juma lililopita Bi Ramona aliingia jikoni kwetu kwa mlango wa nyuma, bila kubisha hodi, kama ulivyomzoesha. Chama chao kimeuomba ukumbi mkubwa kwa ajili yako, Jumamosi hii baada ya misa, na wamepewa.

"Viti tutavipanga sisi wenyewe, mzee," alimwambia Baba. "Na mlango nitakufungulia mimi. Funguo ninazo."

Baba aliinuka, akamtilia kahawa. Tangu siku hiyo suti yake nyeusi inaning'inia mlangoni. Tai amekataa.

Wanaokukumbuka ni mumeo Stefan, wanao Teodora na Matus, mkweo Gregor, wajukuu zako, na hasa Klara anayevaa aproni yako ingawa inamburuza, na dada yako Bernadeta, ambaye bado anadai cheti chake.

Jumamosi tutaingia kwa lango lile lile, Mama, na hakuna atakayekuwa amesimama nje. Na siku yoyote tutakapowakuta watu wamesimama langoni na mabango yao, tutakukumbuka, nasi tutasimama nao.