Mlima Uko Upande Gani

Marahaba, mjukuu wangu Neema. Mama yako ni mtoto wa dada yangu, basi mimi ni bibi yako, ingawa bado niko kidato cha tatu. Huku Old Moshi tu wazima, na ng'ombe amezaa.

Umeniuliza utarudije darasani huko Tarakea, Rombo, ulikohamia, baada ya kuchekwa kwa kusema mlima uko kaskazini kama ulivyozoea huku kwetu. Likizo iliyopita nilijitolea kufundisha jiografia watoto wa darasa la nne hapa kijijini, nikasema hivyohivyo. Mtoto mgeni akanyoosha mkono: "Dada, kwetu Rombo mlima uko magharibi!"

Darasa zima likanicheka. Nilitamani kukimbia, lakini nikampa chaki achore kwao. Kumbe nilikuwa nafundisha mlima unaoonekana mgombani kwetu tu.

Rudi, Neema. Wachoree mlima unavyoonekana huku, nao wakuchoree wao.

Bibi yako, Aika