Baba Alisema Nisije

Jumatatu, 12 Agosti

Melini! Gari la mama yake Tadhg limebanwa huko chini kati ya malori, sisi tuko juu kwenye upepo na chipsi zilizopoa. Bandari yetu ya Rosslare imeshapotea nyuma. Wiki mbili za Ufaransa, hema moja, watu watatu: Tadhg dereva, Sorcha mshika ramani, na mimi ambaye kazi yangu hadi sasa ni kula. Mitihani kwisha. Nina furaha mpaka naona aibu kidogo.

Babu hakutoka kitandani kuniaga. Kifua tena. Akaniuliza kama Wafaransa nao wana mvua. Nikamwambia wanayo, ila wanaificha wageni wasiione. Akacheka mpaka kikohozi kikamzidi nguvu, baba akanifukuza: nenda, nenda, utaachwa na meli. Nikaenda.

Jumanne, 13 Agosti

Tadhg kaingia kipilefti cha kwanza kwa upande wa kwetu! Huku ni kulia. Dereva wa lori akatutolea maneno ambayo Sorcha, pamoja na Kifaransa chake chote cha chuo, amekataa kuyatafsiri.

Tumefika Brittany, hema karibu kabisa na bahari. Mkate mzuri. Jibini inanuka soksi, lakini tumeimaliza. Sikupiga simu nyumbani. Kesho.

Jumatano, 14 Agosti

Babu amefariki.

Baba alipiga asubuhi, nikiwa napiga mswaki nje ya hema. Babu amekwenda alfajiri, usingizini, baba akiwa kwenye kiti pembeni yake. Sauti kavu, utadhani anasoma utabiri wa hali ya hewa. Maiti italazwa sebuleni leo jioni, watu waje kumkesha. Mazishi Ijumaa saa tano asubuhi — kwetu hatucheleweshi. Halafu akasema: "Usije, mwanangu. Ndo kwanza umefika. Kaa na wenzako."

Nikasema sawa, baba.

Sawa! Nikarudi kusukutua mdomo.

Wenzangu sikuwaambia mpaka mchana. Nilikwenda nao kuogelea, Mungu anisamehe, na maji yalikuwa matamu. Tulipokaa kula ndipo nikasema. Sorcha akanikumbatia. Tadhg akaacha kutafuna.

"Baba yako kakwambia usije mara ngapi?"

"Mara moja."

"Mara moja! Na wewe ukakubali?"

"Alisema nikae."

"We Lorcan, umezaliwa wapi wewe? Mama yangu akikaribishwa chai anakataa mara mbili, na koo limemkauka! Mara moja siyo kukataa, ndugu yangu. Ni adabu tu."

"Alikuwa anangoja ubishe," Sorcha akasema polepole.

Najua. Hata mtoto mdogo kwetu anajua. Na kinachoniuma ni kwamba asubuhi pia nilijua. Baada ya "kaa na wenzako" baba alinyamaza. Alikuwa ananipa nafasi. Nilikisikia kile kimya vizuri kabisa, nikajifanya sikukisikia, kwa sababu nilitaka kuogelea. Nina roho gani mimi?

Jioni nikapiga simu. Akapokea shangazi Bríd, nyumba imejaa, vikombe vinagongana. Baba yuko mlangoni anapewa mikono ya pole. Usijali, kipenzi, akasema, Fergal wa jirani atashika nafasi yako ya kubeba jeneza, mna kimo kimoja. Kisha akashusha sauti: "Baba yako anawaambia watu meli zote zimejaa. Ni kweli?"

Nikamjibu sijui. Baba hasemi uongo. Akiuza ng'ombe, yeye mwenyewe ndiye anayemwonyesha mnunuzi kwato mbovu. Leo anadanganya, maiti ya baba yake iko pale sebuleni, ili majirani wasiniseme vibaya.

Alhamisi, 15 Agosti

Tumekunja hema likiwa limelowa. Hakuna aliyelalamika. Ndege hakuna — sikukuu ya Bikira Maria, Ufaransa nzima iko safarini. Meli ya jioni ipo, kutoka Cherbourg. Nafasi tele. Tele! Niliposoma hilo nilitamani ardhi ipasuke.

Shida ni kwamba inafika Rosslare kesho saa tano, saa ileile ya mazishi. Kutoka bandarini hadi kwetu Tipperary ni mwendo wa saa mbili, Tadhg akikanyaga mafuta.

Nilimpigia baba tukiwa njiani. Nilijiandaa kubishana hata kutwa nzima. Nikasema, baba, nakuja.

Hakukataa. Hata ile mara moja ya adabu hakukataa. Nikasikia anavuta pumzi, kisha: "Njoo."

Akaweka simu mezani. Nikamsikia anamwita Padri Whelan, mbele ya watu wote, anamwomba mazishi yasogezwe hadi saa nane, mjukuu wa marehemu yuko njiani. "Nakuomba, Padri." Baba yangu! Mtu aliyevunjika mguu akaendesha trekta mwenyewe mpaka nyumbani, asije akamsumbua jirani! Akarudi kwenye simu: "Saa nane. Nimeshamwambia Fergal asibebe."

Nililia. Kitambaa hakuna, Sorcha akanipa soksi safi.

Sasa tuko bandarini, kwenye foleni ya magari. Jua bado lipo. Wametangaza kwa Kifaransa kwanza, na nikauona uso wa Sorcha kabla hajatafsiri. Bahari imechafuka huko nje. Meli haitoki mpaka usiku wa manane. Mambo yakienda vizuri sana, kesho saa nane tutakuwa ndo tunashuka Rosslare.

Sorcha akasema piga sasa hivi, kila dakika ukichelewa anazidi kuwaambia watu unakuja. Nikasogea mpaka kwenye uzio nikapiga.

Baba akapokea. Kelele za watu, mtu anacheka, mtu anaita chai. Kabla sijafungua mdomo nikamsikia akimwambia mtu aliye karibu naye, kwa sauti ambayo sijaisikia kwake tangu Jumatatu: "Huyu Lorcan. Ameshapanda meli."

Kisha akaniuliza: "Umepanda, siyo?"

Nikasema ndiyo, nimepanda. Foleni haijasogea.