Cherehani ya Bibi Ina Umri Gani?

Alhamisi. Baridi ya Julai, mlima umejifunika tangu Jumatatu, na mimi situlii.

Leo sijashona hata pindo. Nguo za wateja zimelala kwenye kapu, mimi nimepiga magoti mbele ya cherehani ya marehemu Bibi, nasugua chuma kwa mafuta ya taa.

Jumamosi Mjomba anakuja hapa Njoro na pikapu kuichukua.

Anasema Babu aliinunua kwa ajili ya nyumba, na vya nyumba hubaki kihambani, kwenye shamba la ukoo kule Masama, kwake yeye kitinda mimba. Mimi nasema Bibi aliolewa nayo, ilikuwa mali yake, na alinikabidhi mwenyewe akiwa hai. Kushona kwenyewe nilijifunzia hapo. Jumapili tulitupiana maneno hayo uani, mbele ya wanawe, mpaka nikamwita mlafi. Mjomba wangu! Mdomo huu utaniponza.

Basi nikaona namba ya kiwandani, ile inayogongwa kwenye chuma, ndiyo itaamua. Kama ilitengenezwa kabla ya harusi yao, nimeshinda.

Nembo ilishafutika. Ila bobini yake ni ile ya kizamani, ndefu na nyembamba, si ya duara kama za siku hizi. Nikasugua mpaka kucha zikawa nyeusi, na mara namba ikajitokeza, herufi yake mbele. Nikaitafuta kwenye simu, katika ukurasa wa wapenzi wa cherehani za kale. Lo! Ilitoka kiwandani miaka mingi kabla Bibi hajavaa shela.

Nikampigia Mama huku napiga vigelegele.

"Pole mwanangu," akasema. "Babu yako alinunua kitu gani kipya maishani mwake? Hata koti la harusi lilikuwa la mtumba."

Kweli, inaweza kuwa kongwe na bado ikaja kwetu baada ya harusi.

Kwa hasira nikaichomoa droo yote ya meza yake. Nyuma yake kulikuwa na jani la isale, limekauka, limepigwa fundo. Huku kwetu hata mtoto anajua: isale ni la kuombea msamaha, na ukiletewa hukatai.

Nikamwambia Mama. Nikasikia analia.

Kumbe Babu aliwahi kumpiga Bibi. Bibi akambeba Mama mgongoni akarudi kwao. Mama anakumbuka Babu akija kuwafuata, isale mkononi, begani mzigo mzito uliofungwa kwenye blanketi. Alikuwa mdogo, hakuna aliyemwambia ndani kulikuwa na nini.

Sasa tumejua: ni cherehani hii.

Kwa hiyo Mjomba hajakosea, Babu ndiye aliyeinunua. Na mimi sijakosea, hakuinunulia nyumba, alimnunulia Bibi. Hili limenikosesha raha kuliko kama ningeshindwa moja kwa moja. Nimesimama, nimekaa, nimechemsha chai na sijainywa. Nani atakubali hoja ya jani kavu?

Namba sitamwonyesha. Kesho asubuhi napanda Masama, nakata isale mpakani mwa kihamba, nampigia Mjomba shikamoo na kumkabidhi jani hilo kwa mikono miwili, kuomba radhi kwa lile neno la Jumapili. Nitamsimulia na habari ya lile blanketi.

Msamaha hawezi kuninyima. Cherehani anaweza.