Risiti ya Kwanza Kutoka Kwala

Alhamisi jioni, Kibaha.

Mvua imenyesha tangu asubuhi na viatu vyangu viko nje ya mlango, vimejaa udongo wa Mzenga. Nimechoka, lakini tangu nifike nyumbani natabasamu peke yangu jikoni kama mtu aliyeposwa. Ngoja niandike furaha ikiwa bado ya moto.

Kwa asiyejua kazi yangu: nasimamia kompyuta katika kampuni ndogo hapa Kibaha inayosafirisha maziwa. Tunayachukua kwa wafugaji wa Mzenga, kule Kisarawe, tunayapeleka kwenye kiwanda kimoja Kwala. Kiwanda lazima kipate ripoti ya vipimo vya maziwa kabla gari halijafika getini. Kwa muda mrefu ripoti hiyo ilikuwa picha tu, inatumwa kwenye grupu la simu, katikati ya salamu za asubuhi na matangazo ya misiba.

Mwezi uliopita mambo yakaharibika. Kiwandani waliona ripoti ya siku nyingine, haikulingana na mzigo, wakalizuia gari. Mama Naserian, katibu wa kituo cha kukusanyia maziwa cha Mzenga, ndiye anayepima maziwa na kutuma ripoti. Akasema alituma iliyo sahihi. Mpokeaji wa kiwandani akasema hajaiona. Wakati wanabishana kwenye simu, maziwa yalikuwa yanachacha garini. Yalimwagwa yote. Kilichouma zaidi ni maneno yaliyoenea baadaye, kwamba kina mama wa Mzenga wamechakachua.

Kiwanda kikatoa sharti: tutafute njia salama ya kutumiana taarifa kabla mwezi huu haujaisha, la sivyo wataacha kuchukua maziwa ya Mzenga. Bosi wangu, Bwana Mushi, akanigeukia. "Zawadi, hilo ni lako."

Hapa sina budi kusema ukweli.

Nilikuwa nimeshachagua kabla hata ya kufikiri. Kiwanda kilikubali itifaki mbili za kompyuta kutumiana mafaili, SFTP au AS2. SFTP naijua tangu chuoni: faili linasafiri likiwa limefungwa, na hakuna anayeingia bila ufunguo wake. Ningeimaliza kwa siku mbili. AS2 sikuwahi kuigusa. Ina vyeti vya kidijitali ambavyo pande mbili hubadilishana ili kutambuana, ina seva inayotakiwa kuwa hewani saa zote. Nilijiambia ni kubwa mno kwa kampuni kama yetu.

Niliiogopa, basi.

Wiki mbili zilizopita nikaenda Mzenga kumweleza Mama Naserian. Alihamia huko na mifugo kutoka Simanjiro kabla mimi sijazaliwa, na kompyuta ya kituo huifunika kwa kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni. Nikampa shikamoo yake, nikakaa, nikaeleza karibu robo saa jinsi faili litakavyofungwa na kufunguliwa. Alinisikiliza bila kunikatiza.

"Nimekuelewa, mwanangu," akasema. "Sasa likifika, mimi huku nitajuaje kwamba wamelipokea?"

"Litakuwa limefika, mama."

"Hata la mwezi uliopita nilijua limefika."

Nikaaga, nikaondoka.

Nililifikiria swali lake njia nzima ya kurudi. SFTP ingelinda faili lake vizuri kabisa, lakini isingemwachia kitu cha kushika mkononi siku mtu akisema hajaona. AS2 inaweza. Upande wa pili ukishapokea, unarudisha risiti yenye sahihi ya kidijitali, kwamba ni faili lile lile na halijabadilika hata herufi moja. Baada ya hapo ni vigumu mtu kukana. Mimi nilikuwa nachagua kinachonirahisishia kazi. Yeye alikuwa anatafuta namna ya kutoitwa mwongo tena.

Basi nikaanza kujifunza. Cheti cha kwanza kilikataa, cha pili kikakataa, na cha tatu kilikuwa sawa ila niliweka cha kiwanda mahali pa chetu. Jumanne majaribio yakapita, nikapiga meza kwa furaha mpaka Bwana Mushi akachungulia. Seva iko ofisini, hapa Kibaha. Mama Naserian yeye anajaza ripoti kwenye ukurasa uliolindwa. Mtandao ukikatika, ukurasa unaitunza mpaka urudi. Kazi nyingine yote inafanyika huku.

Leo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa mzigo wa kweli.

Kule Mzenga, Mama Naserian alivaa miwani, akajaza taratibu, akarudia kuhakiki kila namba, akabonyeza. Mtandao ukakatika. Tukasubiri, mvua ikipiga kwenye bati. Ukarudi. Kisha kwenye kioo yakatokea maandishi: Imepokelewa Kwala, na saa yake.

Akayasoma kwa sauti mara mbili. "Na wakisema hawajaona?"

"Ina sahihi yao, mama. Tutawaonyesha."

Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa shuka alilojitanda, akacheka kicheko kirefu ambacho sikujua anacho. Baadaye dereva akapiga simu kutoka Kwala: geti limefunguliwa, hakuulizwa hata swali moja.

Wakati najiandaa kuondoka, mama mmoja wa kituo cha jirani, ambaye alikuwa amesimama mlangoni akitazama muda wote, akaomba afundishwe na yeye. Nikatoa daftari nimpangie siku.

"Samahani dada," akasema kwa upole, "nilikuwa namwomba Mama Naserian."

Mama Naserian akakaa sawa kwenye kiti. "Njoo Jumamosi. Uje na kalamu."

Sijawahi kufurahia kurukwa kiasi hiki. Jumamosi si siku yangu ya kazi, lakini nitaenda. Nitakaa nyuma, nimsikilize akifundisha.