Mabano Hayasomwi Redioni

Jumanne, 3 Oktoba

Nimekubali tena kumsomea Opereta. Mtihani ni tarehe 19. Mwaka juzi alisomewa hisabati na mtu mwingine, akafeli. Mwaka jana nilimsomea mimi, akafeli pia. Haoni tangu utotoni. Mwaka wa kumi na mbili huu yuko kwenye swichibodi ya hospitali, anaunganisha simu kwa vidole na masikio. Sasa swichibodi inang'olewa mwezi wa kwanza. Mwenye cheti cha hisabati atahamishiwa masjala. Asiye nacho — kwaheri.

Kazi yangu ni kusoma tu. Na sauti ninayo! Miaka thelathini na moja ya taarifa ya habari. Mtaani hata watoto wananiita Mama Taarifa. Hisabati yenyewe siijui, tangu shule tunapishana bila salamu. Lakini msomaji haruhusiwi kueleza chochote. Anasoma kilichochapwa, basi. Kipi cha kunishinda hapo?

Alhamisi, 5 Oktoba

Zoezi la kwanza, kwenye darasa la watu wazima nyuma ya maktaba. Nimesoma maswali kumi. Opereta anapiga hesabu kwenye kibao chake cha nukta nundu, tik tik tik, halafu jibu analichapa kwa taipureta. Kakosa saba. Saba! Akacheka, kicheko cha mtu aliyezoea. Kasema, mama, kichwa changu kwenye hesabu ni ubao mtupu. Nikampa moyo. Nikamwambia hata changu ni ubao, tena wa mti mbichi.

Mwalimu wa hisabati, mzee mstaafu mwenye chaki hadi kwenye nyusi, alikaa nyuma akisikiliza, kafumba macho. Nikadhani anaburudika na sauti. Mwisho kaniita pembeni: Mama Taarifa, mabano umeyatupa wapi?

Nikamjibu kwa heshima zote kwamba redioni mabano hayasomwi. Humo mhariri anakuwekea umri wa mtu, au namna ya kutamka jina la kigeni. Ni mnong'ono wa mhariri kwa msomaji. Ukiusoma hewani, kesho unaitwa ofisini! Akanitazama weee. Akasema kwenye lugha ya hisabati mabano ndiyo yanayoonyesha nani yuko na nani. Tukutane Jumamosi, na uje na daftari.

Daftari! Mimi! Nimerudi nyumbani nimenuna.

Jumamosi, 7 Oktoba

Dawati la mbele. Magoti hayaingii.

Mwalimu hakunipa hesabu hata moja. Kanipa sentensi za kutafsiri. Eksi, kasema, ni fulani. Humjui bado, unamtaja tu. Kumbe! Fulani namfahamu vizuri. Nimesoma habari zake miaka yote, mtu ambaye jina lake halikupatikana mara moja.

Kaandika 2x + 6. Nikatafsiri: fulani mara mbili, kisha sita. Kaandika 2(x + 6). Nikasema ni yale yale. Akasema hapana, mama, tazama. Mabano ni nyumba. Ile mbili imesimama mlangoni, inamgawia kila aliye ndani — fulani anapata, sita naye anapata. Ukibomoa nyumba, sita anabaki barabarani na mbili haina habari naye.

Miaka sitini nimedhani hisabati ni namba. Kumbe ni maneno, tena ya watu wabahili, hawaweki alama isiyo na kazi.

Nikakumbuka sheria: si nimekatazwa kueleza? Mwalimu akacheka. Kueleza umekatazwa, kasema, lakini bano limechapwa. Kilichochapwa kinasomwa.

Jumanne, 10 Oktoba

Leo nimesema "fungua mabano" na "funga mabano" kila yalipo. Hainogi hata kidogo! Sauti inakatikakatika, ningesikika hewani hivi ningefukuzwa. Opereta akaacha kuchapa, akauliza haya mabano ya leo yametoka wapi. Nikasema Mwalimu kanirekebisha.

Kapata tisa kati ya kumi. Moja alikosea kutoa. Alilifurahia kosa lile, akasema angalau hili ni la kwangu.

Kisha akatulia, vidole juu ya kibao. Akasema, kama anaongea na ukuta: mwaka jana, namba kumi na moja, tatu eksi jumlisha nne ni sawa na ishirini na saba. Opereta hasahau namba. Kasema ilimpa ishirini na tatu juu ya tatu, jibu baya, akajua kaharibu. Akalirudia mara nne. Muda ukaisha, maswali ya mbele hakuyagusa.

Nikasema "Ehee." Nikafunga mkoba nikaondoka.

Jumatano, 11 Oktoba

Karatasi za zamani ziko kwenye kabati la Mwalimu. Nimeitafuta ya mwaka jana. Namba kumi na moja: 3(x + 4) = 27.

Nimeikokotoa mwenyewe. Kwa mkono wangu! Fulani ni tano. Tano safi, haina mkia.

Jibu la Opereta lilikuwa sahihi kabisa kwa swali nililomsomea mimi. Swali ambalo halikuwepo. Nikahesabu mabano ya karatasi nzima: jozi kumi na nne. Sikusoma hata moja. Nilimwangusha mimi, kwa sauti nzuri ajabu. Mwaka mzima binti wa watu anajiita ubao, na mimi nampa moyo! Naona aibu mpaka masikio yanawaka moto.

Nimemwambia baba watoto. Kanijibu mkate ukiwa mdomoni: nyamaza, mtihani wiki ijayo, utamvuruga. Mwambie matokeo yakitoka. Ana hoja. Kinachonisumbua ni jinsi ninavyoitaka hoja yake.

Alhamisi, 12 Oktoba

Kumi kwa kumi. Alinishika mikono yote miwili kwa furaha. Sikusema kitu.

Jumapili, 15 Oktoba

Nimesema.

Nimemkuta kwake anapiga pasi. Anapapasa mshono kwa mkono wa kushoto, pasi inafuata nyuma, hajiunguzi. Nikaanza: "Kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo..." Mpuuzi mimi! Nikaacha. Nikasema namba kumi na moja ulikuwa sahihi, mwanangu. Mabano sikukusomea. Jozi zote kumi na nne.

Pasi ikasimama hewani. Akauliza nimejua lini. Nikasema Jumatano.

"Leo Jumapili," kasema.

Basi. Akarudia mkono ule ule wa shati mara tatu. Nikaomba msamaha. Akasema, nimesikia, mama. Nilipoinuka hakunisindikiza, na siku zote hunifikisha hadi barabarani. Nimelia njiani, mtu mzima na mkoba wangu.

Jumatatu, 16 Oktoba

Zoezi la mwisho. Opereta hakuja. Mwalimu kasema alipiga simu: ameomba aandaliwe msomaji mwingine pia, ataamua siku yenyewe. Wamempata karani wa maktaba. Nasikia ana sauti nzuri.

Baba watoto: si nilikwambia? Leo kajipikia mwenyewe.

Alhamisi, 19 Oktoba

Saa mbili na nusu asubuhi. Naandika kwenye benchi, nje ya chumba cha mtihani.

Mtihani unaanza saa tatu. Utaratibu ndio huu: mtahiniwa anawajaribu wasomaji wake kwa karatasi ya zamani, kisha msimamizi anaandika jina la aliyechaguliwa. Likiandikwa halifutwi. Opereta amepita hapa akiongozwa na msimamizi. Nikamsalimu. Akaitikia "Marahaba" — mimi ndiye mkubwa, jamani! Hakukosea yule. Au alikosea? Sijui.

Karani wa maktaba kaingia kwanza. Mlango haukufungwa vizuri, nasikia kila neno. Opereta kamwomba asome ya mwaka jana, namba kumi na moja.

Sauti kweli anayo. Nzito, imetulia. Tatu eksi jumlisha nne ni sawa na ishirini na saba.

Opereta kamuuliza kama amesoma kila kilichochapwa. Karani kasema kila kitu, dada. Kaambiwa arudie. Karudia, polepole zaidi, vizuri zaidi. Vile vile! Nimesimama, nimekaa, nimesimama tena. Mungu wangu, ningeweza kupiga kelele kupitia mlango huu. Siruhusiwi. Na hata ningeruhusiwa, sijui kama ningekuwa namsaidia yeye au najitetea mimi.

Karani anatoka. Jasho limemtoka, ananinong'oneza: kwani nimekosea wapi?

Saa tatu kasorobo. Karatasi zinafunuliwa huko ndani. Opereta anaita, kwa ile sauti yake ya swichibodi, isiyo na hasira wala upendo:

"Anayefuata."