Mwandishi Anauliza Kama Umejiandikisha

Ghorofani, juu ya duka la steshenari,
Jumanne, tarehe 14 Mei

Mpendwa Shemeji,

Hujambo huko uliko? Mkeo na watoto hawajambo? Na lile goti lililokuwa likikusumbua siku ya mazishi, limepata nafuu? Sisi tu wazima, ila tangu Jumamosi chakula hakipandi, na sababu yake ndiyo ninayokuandikia.

Nimekupigia mara sita hupokei. Basi nimeona niandike, na mwanangu Chiriku ataipiga picha barua hii akutumie, maana jibu linatakiwa Ijumaa saa sita mchana.

Chiriku ametengeneza tovuti. Mtu anaandika kundi lake la damu, mji na mtaa anaokaa, na namba ya simu. Mgonjwa akihitaji damu, ndugu zake wanaona nani wa kumpigia. Aliianza mwezi mmoja baada ya kumzika baba yake, kwenye kompyuta ya dukani anakofanya kazi, huku wateja wakisubiri kopi zao. Mpaka leo wamejiandikisha watu thelathini na wanane tu, nusu yao majirani tuliowashika mashati.

Kazi ya kuwaandikia waandishi wa habari na wanablogu, ili waitangaze, nilipewa mimi. Niliandika barua pepe ishirini na sita. Kila mmoja nilimwamkia, nikamuuliza hali ya nyumbani, nikampa pole ya kazi, ndipo nikaingia kwenye habari ya tovuti. Chiriku aliposoma alishika kichwa: "Mama! Mtu wa gazeti anafuta kabla hujamaliza kumwamkia!" Alijibu mmoja tu, mwanablogu wa mapishi: "Sisi wazima, mama, asante. Ila sijajua unataka nini." Tulicheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Nikaandika upya, safari hii nikianza na shida yenyewe. Hapo ndipo nilipokosea. Nilieleza jinsi kaka yako alivyoanguka kutoka kwenye ngazi akichora bango, jinsi hospitali ilivyokosa damu ya kundi lake, O hasi, na kwamba mtu pekee tuliyemjua mwenye damu hiyo alikuwa mdogo wake, naye simu yake ilikuwa imezimwa. Niliandika kama ninavyozungumza na ndugu. Nikasahau kwamba hao kazi yao ni kuchapisha.

Jumamosi akapiga simu mwandishi wa gazeti la Jumapili. Sauti ya upole, maswali kama sindano. "Mama, tovuti siyo habari. Tovuti zinaanguliwa kila siku kama vifaranga. Habari ni huyo mdogo wa marehemu." Nikamwambia ulikuwa zamu kiwandani, na simu zenu huachwa getini. Akasema hilo nalo ataliandika. Kisha akauliza: "Na yeye, amejiandikisha kwenye tovuti yenu?"

Nikamwambia nitaangalia. Nilipokata simu nilifungua orodha, Shemeji. Kwenye O hasi hakuna hata mtu mmoja.

Nisikufiche. Siku zile za mwanzo nilikulaumu moyoni. Nilikuwa nafua shati la kaka yako lenye madoa ya rangi ya bluu, nikasema, laiti simu yako ingekuwa imewashwa. Halafu nikakumbuka ni yeye aliyekutafutia kazi hiyo, na alivyotamba mtaani kwamba mdogo wake anaingia kazini na kitambulisho shingoni. Angeniambia nikome. Mwenyewe unamjua, ugomvi wake ulikuwa na chai tu: anaipuliza mpaka ipoe, kisha analalamika imepoa.

Nimemwambia mwandishi kwamba habari yako haitoki bila wewe kuridhia. Ukikataa, nafasi hiyo anampa mtu mwingine. Chiriku amenuna. Anasema makala moja inaweza kuleta watu elfu, na mmoja wao akaokoa baba wa mtu. Ana haki. Lakini nimemjibu kwamba baba yake mdogo hakuomba kuwa habari. Ukiniambia aandike, ataandika. Ukinyamaza, Ijumaa nitamwambia hapana, na sitakuuliza tena.

Ombi langu ni jingine. Jiandikishe. Jina si lazima, kundi la damu, mji na namba vinatosha. Na penye namba ya simu usiweke yako peke yake, weka na ya getini, ili mlinzi aweze kukutoa kwenye zamu. Hata gazeti lisiandike neno, anayeitafuta damu hiyo atakuta mtu mmoja pale nilipokuta sifuri.

Nisalimie mkeo na watoto. Mama mkwe umwambie kile kifungo cha koti lake nimekipata chini ya kochi, nakishona wiki hii. Shangazi wa huko naye umpe salamu, asiseme nimemsahau.

Mungu akuingize zamu salama na akutoe salama. Hata usiponijibu, hapa pana mlango wako na kiti chako.

Wako nisiye na kinyongo nawe,
Mke wa kaka yako.

Unikumbuke, Shemeji.