Fimbo Tatu Lamboni

Ijumaa, 5 Septemba 1997

Nimefika nyumbani. Koti la mlimani nimelivaa kutoka stendi ya Bariadi mpaka uani kwetu, jua la saa saba, jasho mpaka kwenye soksi. Koti kama hili halibebwi mkononi. Watu wasimame watazame.

Jioni nimewasimulia. Barafu ya Kilimanjaro — ukuta mrefu kuliko kiwanda cha kuchambulia pamba, nimeugusa kwa mkono huu. Mayu, mama yangu, kauliza kama hainichomi. Mashimba, yule anayepima pamba kwenye mzani wa hawa wanunuzi binafsi waliokuja juzi juzi, kasema barafu anaijua, inauzwa sokoni kwenye vifuko vya nailoni. Watu wakacheka. Mzani umempa kichwa huyu.

Nikawaeleza kazi. Mtaalamu wetu, Constantine, anatoboa barafu na kusimika mabomba ya plastiki. Mwaka ukipita anarudi, anapima kutoka ncha ya bomba mpaka usoni pa barafu. Bomba likichomoza zaidi, barafu imeliwa. Likifunikwa, theluji imeongezeka. Unachukua kilichoingia, unatoa kilichotoka, unajua mlima unanenepa au unakonda. Unakonda. Na aliyeshika futi kamba ni mimi, Malimi.

(Kwanza nilibeba viazi. Mshika futi akaumwa kichwa kile cha mlimani, nikapandishwa cheo. Hili sikuwaambia.)

Jumapili, 7 Septemba

Kumbe nyumbani kuna jambo. Lambo, bwawa letu la kunyweshea, linashuka na mvua ziko mbali. Wenye ng'ombe wamekaa baada ya kanisa: tarehe 27 makundi yote yataondoka kwenda Mwamanyili, ziwani. Huondoka pamoja siku zote, kwa ajili ya wezi wa njiani. Atakayebaki amebaki — akibadili mawazo ataswaga peke yake.

Baba hataki kwenda. Ng'ombe wake wengi wana mimba, na mwaka jana safari hiyo ilimmalizia ndama. Lakini akibaki na lambo likakauka, atapoteza zizi zima.

Nikasema, baba, nitalipima. Akanitazama. Akalitazama na koti. "Haya, pima."

Nimekata fimbo tatu na kuzisimika lamboni, nitapima kutoka ncha mpaka usoni pa maji. Mbili karibu na ukingo. Ya tatu katikati kabisa, maji ya kifua, tope linalotaka kukuvua kaptura.

Jumatano, 17 Septemba

Maji yameshuka kiganja kizima. Mashimba: sasa ulitaka ng'ombe wayaangalie tu? Nikamwambia jua linakunywa kuliko ng'ombe. Kacheka sana.

Basi juzi nikajaza beseni, nikalizungushia miiba, hata mbwa hafiki. Leo limepungua kidole. Mashimba kasema ni kuku. Kuku gani anaruka miiba? "Wa kwenu," kasema, "ndiyo maana wamekonda."

Milembe, binti wa jirani, kacheka naye. Hilo limeniuma kidogo. Halafu kauliza beseni lao atalipata lini, nguo zinamngoja.

Kule juu ni hivyo hivyo. Constantine alisema barafu nyingine haitoi hata tone, jua na upepo vinaondoka nayo ikiwa kavu. Nilidhani ananitania.

Jumatano, 24 Septemba

Maji yamepanda! Fimbo ya kwanza, vidole vitatu juu. Ya pili karibu vile vile. Na mvua haijadondosha hata tone. Ni chemchemi. Chini ya lambo letu kuna chemchemi, na aliyeigundua ni nani?

Ya tatu sikwenda. Suruali ndiyo kwanza nimeinunua mnadani, mtumba wenye mistari, na Milembe alikuwa amekaa ukingoni na bakuli la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Kaitafuna nusu, nusu kanipa. Fimbo mbili zimekubaliana, ya tatu ingesema nini.

Nimemwambia baba. Kanirudisha mwanzo, nikasema tena. Kisha akaniletea kiti. Mimi, kiti, na baba kasimama.

Jumamosi, 27 Septemba

Makundi yameondoka alfajiri. Vumbi, kengele, mbwa. La kwetu tu limebaki zizini.

Mzee Nyanda alikuwa wa mwisho kupita. Akasimama: "Ngassa, una hakika?"

"Mwanangu amepima," baba akasema.

Hivyo tu. Siku nzima sijui mikono niiweke wapi.

Jumapili, 28 Septemba

Nimeona.

Mabala, fahali mzee wa baba, kwenye fimbo ya kwanza. Anajikuna makalio. Anaegemea, anafumba macho, anasukuma — na fimbo inaingia kwenye tope taratibu. Alipotosheka akaenda ya pili.

Hakuna chemchemi. Maji hayakupanda. Fimbo zimezama.

Constantine alisema haya haya. Bomba likizama linadanganya, ndiyo maana tunatoboa kina, ndiyo maana hatuamini moja wala mawili. Nilikuwa naitikia kwa kichwa huku nikila biskuti zake.

Nimevua suruali nikaenda ya tatu. Huko Mabala hafiki. Maji yameshuka mkono mzima. Hata wakinywa wa kwetu peke yao, hayatoboi mwezi ujao.

Redio ya Mashimba inasema mvua za mwaka huu zitakuwa kubwa mno. Nikinyamaza, pengine zitalifunika kosa langu.

Pengine.

Jumatatu, 29 Septemba

Nimemwambia. Alikuwa anakamua. Aliendelea kukamua mpaka nikamaliza.

"Mabala?"

"Mabala, baba."

"Kwa makalio?"

"Kwa makalio."

Mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia. Anacheka, mpaka kibuyu kikamponyoka na maziwa yakaenda. Kisha akaacha kucheka, na uso uliobaki sikuupenda.

"Ile ya katikati, kwa nini hukuipima?"

Nikamwambia habari za suruali. Na Milembe. Kila kitu.

Kesho kutwa wanaondoka, yeye na kaka Ndaki, wawili tu na zizi zima, wezi wakiwepo au wasiwepo. Nikasema nitakuwa mbele, nitaswaga, sitalala. Kasema hapana.

"Utabaki. Mvua ikinyesha, nani atakuja na baiskeli kuniambia lambo limejaa kiasi cha kuwarudisha? Mashimba na mzani wake?"

Nikaokota kibuyu, nikaenda kukiosha.

Mabala naye anabaki. Miguu yake haifiki ziwani.

Alhamisi, 2 Oktoba

Walitoka jana kabla ya jua. Baba hakugeuka nyuma. Mayu kasali mpaka uji ukaungua. Hatuna habari zao bado.

Leo nimesimika upya. Fimbo ndefu, nimezigongelea kwa jiwe mpaka chini ya tope, ngumu kabisa. Nimeanza na ya katikati. Milembe alikuja asubuhi, akanisalimia: "Mwangaluka, Bwana Barafu." Kashika ncha ya futi kamba bila kuombwa. Suruali imejaa tope na hakuitazama hata mara moja. Mashimba kapita, kauliza chemchemi nauza bei gani. Nimemwambia amuulize Mabala, ndiye mwenye hisa.

Sasa ni alasiri. Milembe kaenda. Fimbo za ukingoni nimezizungushia miiba, lakini Mabala anajikuna kwa miiba pia, naona ndiyo anaipenda zaidi. Nimemfukuza, karudi. Nimemfukuza tena.

Basi naandika kwa mkono mmoja, daftari gotini. Mkono wa pili una gunzi, namkuna makalio. Amefumba macho. Upande wa Mwamanyili kuna mawingu, meusi kidogo, sijui yanakuja au yanapita. Kila nikiacha kumkuna anafumbua jicho moja na kuitazama fimbo.